Kiti Kimoja, Muziki Pande Zote

Mtu akitaja muziki wa sauti ya pande zote, wengi huwaza sebule: kochi katikati, spika kila pembe, televisheni mbele. Mimi huwaza gari. Sebuleni lazima upate mahali pa kuweka spika za nyuma, upitishe nyaya, kisha ukae sehemu moja tu ya kochi ili upate kilichokusudiwa. Garini hayo yamekwisha kuamuliwa. Kiti hakihami, kichwa chako kiko palepale leo na kesho, na spika zimefungwa mbele yako, ubavuni na mgongoni. Ni vyumba vichache ambavyo mahali pa msikilizaji panajulikana kwa uhakika namna hiyo.

Ndiyo maana inaniuma kupanda gari lenye spika nzuri nikakuta muziki umerundikana kwenye mlango wa dereva, mwimbaji yuko karibu na goti, besi inavuma kutoka kwenye buti, na nyuma kuna mvumo usio na umbo. Mara nyingi spika hazina kosa lolote. Kilichokosekana ni mtu kukaa kwenye kiti kimoja, akakichagua hicho na si kingine, kisha akapanga kila kitu kwa ajili ya masikio yatakayokuwa hapo. Ukijaribu kuwaridhisha abiria wote kwa mpangilio mmoja, hakuna atakayepata muziki kamili. Chagua kiti. Kwa wengi wetu kitakuwa cha dereva.

Kwanza, spika zinapelekewa nini?

Stirio, ambayo Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, ni chaneli mbili, yaani mikondo miwili ya sauti, wa kushoto na wa kulia. Gari lenye spika kumi na mbili likipokea chaneli mbili linabaki kuwa gari la stirio. Spika za nyuma zinarudia tu yaliyoko mbele. Muziki wa pande zote unaanzia studioni. Fundi sauti ameketi katikati ya spika zake, akaamua kinanda kiwe nyuma kushoto, waitikiaji wamzunguke msikilizaji, mwimbaji asimame mbele katikati. Katika mpangilio wa 5.1 kuna chaneli sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya besi nzito peke yake, ambayo ndiyo hiyo ".1". Usipozipata chaneli hizo zikiwa zimetengana, uamuzi wote wa fundi umepotea kabla haujafika kwenye amplifaya.

Hamu ya kuupeleka muziki wa aina hii garini si ya jana. Mwaka 1970 kampuni ya Marekani ya RCA ilitoa kanda za kwadrafoniki, za chaneli nne. Zilitumia utepe uleule wa njia nane uliokuwa ukipigwa kwenye magari ya Marekani, ila njia zilisomwa nne kwa mara moja badala ya mbili, kwa hiyo muda wa muziki kwenye kanda ukapungua kwa nusu. Hazikudumu. Ilibidi kungoja hadi Acura TL ya mwaka 2004, gari lililokuja na mfumo wa ELS uliotengenezwa na Panasonic pamoja na fundi sauti Elliot Scheiner, wenye uwezo wa kusoma diski za DVD-Audio kwa chaneli zote sita. Nauheshimu sana uamuzi ule wa kumshirikisha mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kumiksi muziki wa 5.1. Alijua muziki ule unapaswa kusikikaje, na alikuwa na kitu cha kuulinganisha nao.

Leo njia kuu ni Dolby Atmos, iliyoanza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, ikaingia kwenye huduma za muziki za intaneti mwishoni mwa mwaka 2019, na mwaka 2021 ikawekwa kwenye Lucid Air, gari la umeme lenye spika 21. Tofauti yake na mifumo ya zamani ni kwamba sauti inaweza kuandikiwa mahali pake angani badala ya kufungiwa kwenye chaneli fulani. Kifaa kilichomo garini ndicho kinachoamua, kwa spika zilizopo, ni ipi itoe nini. Miksi moja inafaa gari la spika nane na gari la spika ishirini, ingawa hazitasikika sawa.

Sasa lile linalowaponyoka watu wengi zaidi kuliko yote: Bluetooth. Njia ya kawaida ya kutuma muziki kutoka kwenye simu hadi kwenye redio ya gari kwa Bluetooth hubeba chaneli mbili tu. Simu inaweza kuandika "Atmos" kwenye kioo chake, lakini kinachofika kwenye gari ni stirio. Na ikiwa programu ya muziki ina chaguo la kutengeneza sauti ya pande zote kwa ajili ya hedifoni, lizime uwapo garini. Sauti hiyo imechujwa kwa hesabu kwamba sikio la kushoto halitasikia spika ya kulia kabisa, jambo ambalo ndani ya gari haliwezekani. Matokeo yake ni waimbaji wenye sauti nyembamba na ya mbali. Ukitaka chaneli zote, tumia programu ya muziki iliyomo ndani ya gari lenyewe kama inaunga mkono Atmos, au diski, au muunganisho ambao mtengenezaji wa gari ameusema waziwazi kwamba unabeba sauti ya chaneli nyingi.

Wenye diski wana utajiri wanaousahau. DVD za muziki zenye Dolby Digital au DTS, mifumo miwili ya kuhifadhi chaneli nyingi kwenye diski, bado zinafanya kazi vizuri kwenye redio za gari zenye kifasiri chake, yaani sehemu inayozifungua chaneli hizo, na zipo CD za DTS ambazo zina 5.1 kamili ndani ya diski ya ukubwa wa kawaida. Hizi za mwisho zishike kwa tahadhari: redio isiyoielewa DTS itaipiga kama CD ya kawaida, na utasikia mshindo wa kelele nyeupe, kama redio isiyo na stesheni, kwa nguvu zote. Punguza sauti kabisa kabla ya kuijaribu. Faili za FLAC, aina ya faili za muziki zisizopunguzwa ubora, nazo zinaweza kubeba hadi chaneli nane, ila usidhani kila redio inayosoma FLAC inaziheshimu chaneli hizo. Nyingine huzikunja zote kuwa mbili bila kukuambia. Jaribu kwa faili ya majaribio inayoita kila spika kwa jina lake, moja baada ya nyingine. Ni jaribio la dakika moja, na ndilo la kwanza ninalofanya kwenye gari lolote.

Na stirio ya kawaida iliyopanuliwa kuwa pande zote? Hapo nina msimamo, ingawa si mkali. Jim Fosgate, aliyekuwa ametengeneza jina kwa amplifaya za gari, ndiye aliyebuni Dolby Pro Logic II, mfumo wa kufanya upanuzi huo, uliotoka mwaka 2000. Mifumo ya namna hii hulinganisha chaneli ya kushoto na ya kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hupelekwa katikati; kilicho kinyume, kwa maana wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, hupelekwa nyuma. Rekodi ya kwaya ukumbini, au onyesho la jukwaani lenye makofi ya watu, hufaidika sana, kwa sababu mwangwi wa ukumbi ni hasa aina hiyo ya sauti inayokwenda nyuma. Muziki wa studio uliobanwa hautoi kitu kipya, na faili yenye ubora mdogo hutoa kibaya zaidi: takataka zinazoachwa na kubana faili, ambazo kwenye stirio zilijificha nyuma ya ala, zinachotwa na kupelekwa kwenye spika za nyuma, na unazisikia zikichakacha karibu na sikio. Kama utatumia upanuzi huu, upe faili safi. Lakini miksi halisi ya pande zote ikiwepo, sioni sababu ya kuiacha.

Umbali ni muda

Hapa ndipo gari linapobadilika kabisa, na hapa ndipo ningekaa siku nzima.

Sikio hutambua upande wa sauti kwa njia mbili kubwa ambazo Lord Rayleigh alizieleza mwaka 1907: tofauti ya nguvu kati ya masikio mawili, na tofauti ya muda. Ya pili ni ndogo ajabu. Sauti itokayo ubavuni kabisa hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 0.6 hadi 0.7 tu, na ubongo unaisoma tofauti hiyo bila shida. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 na kidogo kwa kila milisekunde. Basi angalia ulivyokaa. Spika ya mlango wako iko, tuseme, sentimita 90 kutoka kichwani, na ya mlango wa pili sentimita 150. Tofauti ya sentimita 60 ni milisekunde 1.75, zaidi ya maradufu ya ile ambayo sikio huichukulia kuwa "ubavuni kabisa".

Mwaka 1949 Helmut Haas alionyesha kwamba sauti ileile ikifika mara mbili kwa kupishana kidogo sana, tunaiweka pale ilikotoka ile ya kwanza, hata kama ya pili ina nguvu zaidi. Ndiyo maana mwimbaji yuko mlangoni kwako. Na ndiyo maana kuzungusha balansi kuelekea upande wa pili hakuponyi: unaongeza nguvu ya spika ya mbali, lakini bado inachelewa. Dawa ni kuzichelewesha zile za karibu ili zote zifike pamoja. Redio nyingi za kisasa zina mpangilio huo, na amplifaya zenye prosesa ya sauti zinao kwa undani zaidi.

Chukua tepu ya kupimia. Kaa unavyokaa ukiendesha, si unavyokaa ukipiga picha, na umwombe mtu apime kutoka katikati ya kila spika hadi daraja la pua yako. Tafuta iliyo mbali kuliko zote; hiyo haicheleweshwi. Kwa nyingine zote, toa umbali wake kwenye ule mkubwa, kisha ugawe kwa 34.3. Kama sabufa iko kwenye buti, sentimita 220, basi spika ya mlango wako iliyo sentimita 90 itacheleweshwa milisekunde 3.79, ya mlango wa pili iliyo sentimita 150 milisekunde 2.04, ya katikati kwenye dashibodi iliyo sentimita 100 milisekunde 3.5, na ya nyuma yako iliyo sentimita 80 milisekunde 4.08. Baadhi ya redio huomba uandike sentimita tu na kufanya hesabu zenyewe.

Tepu itakufikisha karibu, lakini haioni ucheleweshaji unaotokea ndani ya vichujio vya amplifaya, hasa cha sabufa. Kilichobaki ni cha masikio. Piga sauti ya mtu mmoja anayeongea, iliyorekodiwa kwa chaneli moja, itoke kwenye spika mbili za mbele. Fumba macho ukiwa umeegesha. Iwe juu ya dashibodi, nyembamba, mahali pamoja. Ikiyumba kushoto au kulia, badilisha spika moja kwa hatua ndogo kuliko zote ambazo redio inaruhusu, usikilize, ubadilishe tena. Mara inapojikusanya utaijua papo hapo. Midomo inapata mahali. Kisha fanya vivyo hivyo kwa jozi ya nyuma. Watu huiruka ya nyuma wakidhani si muhimu, na kwenye muziki wa pande zote ndiyo inayoamua kama waitikiaji watakuwa watu nyuma yako au ukungu.

Katikati na nyuma

Spika ya katikati ni rafiki wa kweli wa gari, kwa sababu inamweka mwimbaji kwenye dashibodi kwa dereva na kwa abiria wa mbele kwa pamoja. Magari mengi hayana. Si msiba, mradi uiambie redio ukweli: kwenye orodha ya spika andika kwamba ya katikati haipo. Kifasiri kitaichukua chaneli hiyo na kuigawa kushoto na kulia, kila upande ukipunguzwa desibeli 3. Ukiiacha imeandikwa kuwa ipo, mwimbaji anapelekwa kwenye spika isiyokuwepo, na utabaki na wimbo usio na sauti ya mbele. Kila ninapoambiwa na mtu kwamba diski zake za 5.1 "hazina waimbaji", huko ndiko ninakoangalia kwanza.

Viwango vya nguvu vipime kwa kelele ya waridi, sauti ya majaribio yenye nguvu sawa katika kila okteva, ikipigwa kwenye spika moja kwa wakati. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha, kwa kuwa unalinganisha spika na spika. Usiiamini tu kwenye besi nzito. Shika simu pale kichwa kinapokaa. Kwa miksi halisi ya pande zote, spika zote ziwe sawa, nyuma na mbele, kwa sababu fundi aliyemiksi alizisikia zikiwa sawa. Kwa stirio iliyopanuliwa, mimi hupunguza nyuma hadi nisiweze kusema zinapiga nini, lakini nikizizima gari lionekane limepungua.

Kile kidhibiti cha kusogeza sauti mbele na nyuma kirudishe katikati kisha ukiache hapo. Ukikisukuma nyuma ili "kusikia pande zote zaidi", unaharibu uwiano ambao umemaliza kuutengeneza.

Besi

Chumba kidogo kilichofungwa kina zawadi yake. Wimbi la sauti linapokuwa refu zaidi ya mara mbili ya nafasi iliyopo, hewa yote ya ndani husukumwa na kuvutwa kwa pamoja, na nguvu ya besi huongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa chumba cha gari chenye urefu wa mita 2.7 hivi, hilo huanza kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 60 na ushei. Kwa hiyo sabufa ndogo garini hufika chini ambako sebuleni isingefika, na mtu anayeongeza besi zote kwenye ikwaliza anaongeza kitu ambacho gari limekwisha kuongeza. Punguza kilichozidi badala ya kuinua kilichopungua.

Chini ya hezi 80 sikio hushindwa karibu kabisa kutambua sauti inatoka wapi. Sabufa ya kwenye buti ikikatwa hapo au chini kidogo, yaani isipige sauti za juu ya hapo, na muda wake ukilingana na wa mbele, besi husikika kutoka mbele pamoja na ngoma. Kinachoisaliti ni mitetemo: kibao cha namba, kifuniko cha buti, plastiki ya rafu ya nyuma. Mitetemo hiyo ina sauti za juu, na masikio yanazifuata moja kwa moja hadi nyuma. Zibane, zitie sponji, na besi itahama bila kugusa mpangilio wowote.

Chaneli ya ".1" nayo isichanganywe na sabufa. Imeundwa kupigwa ikiwa juu kwa desibeli 10 kuliko nyingine, na mafundi wengi wa muziki huitumia kwa uchache. Kazi kubwa ya sabufa ni kubeba besi ya chaneli zote ambazo spika za milangoni haziwezi. Hakikisha redio imewekwa hivyo. La sivyo, nyimbo nyingi zitaiacha sabufa imelala.

Gari likitembea

Yote niliyoeleza yanafanywa gari likiwa limeegeshwa, mahali pa utulivu. Kwenye barabara kuu, kelele ndani ya gari la kawaida hufika desibeli 65 hadi 70, na sehemu kubwa yake iko chini, kwenye besi, hivyo besi ndiyo inayomezwa kwanza. Hifadhi mipangilio miwili: mmoja wa mjini, mmoja wa mwendo kasi wenye desibeli chache zaidi chini ya hezi 200. Kuziba mashimo ya ndani ya milango na kubandika mikeka ya kupunguza mtetemo husaidia mara mbili, kwani mlango uliozibwa huzuia kelele na pia huipa spika yake kasha linalofaa. Kama una pesa za jambo moja tu, ningeanza hapo kabla ya kununua spika mpya.

Utagundua pia kwamba miksi za Atmos zina sauti ya chini kuliko stirio ya wimbo uleule. Kiwango kinachotakiwa kwa muziki wa Atmos ni wastani usiozidi −18 kwenye LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, wakati stirio nyingi za kisasa hubanwa juu zaidi ya hapo kwa desibeli nyingi. Pandisha sauti tu. Ile nafasi iliyoachwa ndiyo inayoipa ngoma pumzi. Lakini pandisha ukijua kikomo: Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ukomo wa usalama kwa mtu mzima, na barabarani lazima honi na ving'ora vikufikie. Muziki uliopangwa vizuri kwa kiti chako hauhitaji kelele ili ukuzunguke.

Wakipanda watu nyuma, mambo yanabadilika, kwa kuwa spika zako za nyuma ziko karibu kabisa na masikio yao. Weka mpangilio wa tatu kwa ajili ya safari hizo: ondoa ucheleweshaji, shusha spika za nyuma desibeli 4 au 5, iache ya katikati ifanye kazi yake. Watakaposhuka, bonyeza namba moja na urudi kwenye kiti chako.